Konda wa Kikapu

Kwetu Dar es Salaam ukimwambia mtu kwamba ulicheza mpira wa kikapu chuoni Marekani, macho yake hupanda kwanza kutafuta kichwa chako kimefika wapi, halafu hushuka taratibu, kwa huruma. Aliyetuharibia soko ni Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar, urefu wa zaidi ya mita 2.2, akaenda Connecticut, akazuia mashuti ya watu mpaka mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya. Tangu hapo mtaani kikapu ni urefu. Mimi nina mita 1.77 nikiwa nimevaa raba. Nikichoka kujieleza huwa nawakumbusha ile mechi ya Machi 2009, Connecticut na Syracuse pale New York, iliyokwenda muda wa nyongeza mara sita. Thabeet alikuwemo, na hilo kila mtu analijua. Lakini walioshinda ni Syracuse, 127 kwa 117, na pointi gadi wao, yaani mpandisha mpira na mwongozaji wa mashambulizi, Jonny Flynn, alikaa uwanjani dakika 67 kati ya 70. Hebu fikiria dakika 67 za kudunda mpira huku watu wanne wanakutazama wewe wajue wafanye nini. Hapo huwa napata wa kunisikiliza.

Kazi hiyo niliianzia Upanga, kwenye viwanja vya Don Bosco. Nilikuwa mdogo kuliko wote kikosini, nikacheza na makaka ambao nje ya uwanja niliwaamkia shikamoo. Ndani ya uwanja sikubadilika sana. Nilipandisha mpira mbio, nikampa aliyeuomba, nikanyamaza. Mazoezini saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imerusha golini, haikuwepo, kwa hiyo mtu pembeni alihesabu kwa mdomo zile kumi za mwisho. Nikisikia "tatu, mbili" najua ni wakati wa kurusha. Kwa maneno mengine, muda wangu ulikuwa unatunzwa na mtu mwingine, na sauti yangu pia. Sikujua kama hayo ni mapungufu. Niliitwa mtulivu, na nilijivunia.

Agosti 2015 nilifika Kansas, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, chuo cha daraja la pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Kikapu cha vyuo vya wanaume kule hakichezwi robo nne kama chetu. Ni vipindi viwili vya dakika 20. Na msimu ule nilioanza sheria zilikuwa zimebadilishwa kwa mambo mawili yaliyonihusu moja kwa moja. Saa ya shuti ilishuka kutoka sekunde 35 hadi 30. La pili halikuzungumzwa sana, ila ndilo lililokuja kuniumbua: kocha hakuruhusiwa tena kuita taimauti wakati mpira unachezwa. Zamani kocha akiona mchezaji wake amebanwa anapiga kelele kutoka kwenye benchi, refa anapuliza, mambo yanatulia. Sasa, mpira ukiwa hai, aliyeweza kuomba ni mchezaji tu. Katika mkutano wa kwanza wa timu kocha mkuu alilisoma hilo kwenye karatasi, akainua macho akatutazama sisi magadi watatu. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mwaka wa kwanza nilikaa benchi zaidi. Wa pili nikaanza kupewa dakika, na Februari 2017, ugenini, nje theluji, nikakutana na karatasi ile.

Tunaongoza kwa pointi moja, 70 kwa 69. Zimebaki sekunde 14 na taimauti moja mkononi. Navuka mstari wa kati upande wa kulia, na kosa langu la kwanza ni hilo: nimevuka nikiwa nimebana pembeni, pale ambapo mstari wa kati na mstari wa pembeni hukutana. Kona ile ni mtego. Kurudi nyuma huwezi, kutoka pembeni huwezi, mistari yenyewe inakubana kuliko watu. Wakaja wawili. Nikasimamisha mpira. Mikono yao iko juu ya mikono yangu, mpira nimeukumbatia tumboni, kwa hiyo ile ishara ya herufi T ya mikono haiwezekani. Kinachobaki ni mdomo. Refa yuko hatua mbili. Kwa mbali namsikia kocha mkuu akinguruma jina langu, yeye ambaye sheria imemfunga mikono kuliko mimi.

Nikasema, "Taimauti."

Nilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani ugenini. Nadhani hata "tafadhali" ilinitoka, tena kwa Kiswahili. Refa akapuliza, lakini kwa mpira ulioshikwa na pande zote mbili, akatazama pale mezani mshale wa zamu, ule unaoonyesha nani apewe mpira. Ulikuwa unaelekea kwao. Zikiwa zimebaki sekunde mbili wakafunga. 71 kwa 70.

Njia ya kurudi ilikuwa saa tano za basi. Kocha mkuu hakusema neno. Kocha msaidizi alikuja akakaa kiti cha jirani yangu, mzee wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa pointi gadi enzi zake, wakati mpira wa vyuo haujawa na saa ya shuti hata kidogo. Saa ya kwanza, ile ya sekunde 45, iliingia msimu wa 1985. Kabla ya hapo timu ikiongoza iliweza kukaa na mpira mpaka watazamaji walale. Alipenda kusimulia North Carolina ya Dean Smith, jinsi walivyosimamisha watu kwenye kona nne na kumwachia Phil Ford katikati ya uwanja adunde mpira apendavyo. Na mwaka 1979, baada ya Ford kuondoka, mtindo huohuo uliwatokea puani kule Duke: walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 7 kwa 0. Saba kwa bila, kama mpira wa miguu! Alikuwa anacheka kila akifika hapo. Usiku ule hakusimulia.

"Refa alikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua mbili, kocha."

"Na hakukusikia."

Nikanyamaza. Tukapita taa za kituo kimoja cha mafuta, giza tena. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwenu, nani analipwa kwa kupiga kelele?"

Sikufikiria hata. Nikamwambia: konda. Nikalazimika kumweleza konda ni nani. Mtu aliyening'inia mlangoni mwa daladala, anayeita njia, anayekusanya nauli, anayejua nani anashuka wapi, anayegonga bodi gari lisimame na kugonga tena gari liondoke. Dereva ana usukani na mafuta, lakini gari linakwenda kwa mwendo wa konda. Mzee alisikiliza kwa makini mno, akaniuliza kama konda huwa anasema tafadhali. Nikacheka, mara ya kwanza tangu mechi iishe.

Ningependa kusema kwamba kesho yake niliamka nina sauti. Wapi. Adabu ya miaka ishirini haiondoki kwa basi la saa tano. Mwenzetu mmoja alikuwa na miaka 23 na mtoto nyumbani; mimi nimwamrishe kwa kelele "kushoto, kushoto, toka hapo"? Ulimi uligoma. Kilichonisogeza ni namba, maana namba hazina mkubwa wala mdogo.

Mzee alimpa mwanafunzi aliyekuwa akisaidia timu kazi moja. Kila tukishambulia, aandike saa ya shuti inasoma ngapi pale tunapotoa pasi ya kwanza ya mpango. Si pasi ya kupandisha mpira, ile inayoanzisha jambo. Baada ya mechi tatu akanionyesha karatasi. Nilikuwa naanzisha zikiwa zimebaki 17, mara 16, mara 18. Yaani karibu nusu ya muda wetu nilikuwa naila mimi peke yangu: napandisha mpira kwa madaha, nasimama juu, namtazama kila mmoja mpaka naye anitazame, ndipo nainua vidole. Nilidhani huo ndio utulivu. Nilikuwa konda anayesubiri gari lijae.

Katika sekunde 17 unapata jaribio moja. Wapinzani wakilizuia, zimebaki saba, na mpira unarudi kwa mtu aliyesimama vibaya. Mashuti yetu ya ovyo yalizaliwa hapo, na shuti la ovyo si hasara ya pointi mbili tu. Linaruka mbali, linamkuta mpinzani anakimbia na sisi tunatazama. Nilipoanza kufuatilia hizo mechi kwenye video niliona kwamba karibu kila mara tulipofungwa vikapu vitatu vinne mfululizo, mfululizo ulianza na shuti letu lililorushwa kwa hofu ya saa. Kasi ya mpinzani ilikuwa inatoka kwenye polepole yangu.

Kwa hiyo nilichojifunza kwanza kuhusu kutuliza mchezo kilikuwa kukimbia. Nikafundishwa kupokea mpira wa ribaundi, yaani uliodakwa baada ya shuti kukosa, mgongo ukiuelekea mstari wa pembeni, miguu tayari inatembea, macho yameshafika mbele kabla ya mpira kufika mkononi. Saa isome 25 nikiwa nimevuka. Mpango niutangaze kabla sijavuka, sio baada. Saa ikisoma 22 pasi ya kwanza iwe imeondoka. Hapo unajikuta una nafasi ya jaribio la kwanza, la pili, na bado zinabaki nane kwa ajili ya skrini ya juu, mwenzako akimkingia mlinzi wako njia kwa mwili, na kuomba Mungu. Ukifika mapema una haki ya kungoja. Nilishangaa jinsi uwanja ulivyokuwa mpana nilipoacha kuuchelewesha.

Kutangaza mapema maana yake kupiga kelele ukiwa mbali, na hapo ndipo sauti ilipopatikana, kwa lazima. Majina ya mipango yetu yalikuwa namba na rangi. Wapinzani walikuwa wanayajua kutoka kwenye video. Nikamwomba mzee tutumie vituo vya daladala. Akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Kumlisha senta chini ya goli tukaita Posta. Skrini mbili za kumfungulia mpigaji wa pointi tatu ikawa Kariakoo, kwa sababu ya msongamano. Na ule mpango mrefu, ambao kila mtu lazima aguse mpira kabla mtu hajarusha, ukawa Mbagala. Kijana mmoja wa Wichita hakuweza kamwe kuanza neno na "mb". Kwake ilikuwa "Embagala" mpaka siku ya mahafali. Lakini jambo la ajabu lilitokea kwangu. Kwa Kiingereza nilikuwa mgeni mwenye adabu. Nikiita "Posta, Posta, Posta!" nilikuwa mtu wa Dar, na koo lilijifungulia lenyewe.

Senta wetu nikizungumzia Posta lazima nimtaje. Jitu la Chicago, pole, mwenye magoti yaliyofungwa bandeji kama mumia. Nilikuwa nalalamika kwamba hakimbii. Mzee akaniambia nihesabu anapewa mpira mara ngapi, nikahesabu: katika kipindi kizima cha kwanza cha mechi moja aliugusa mara tatu, mbili kwa ribaundi zake mwenyewe. Sasa wewe ungekimbia urefu wa uwanja, kilo zaidi ya mia, magoti yale, ukampigie mtu skrini, urudi, na usipewe kitu? Nikajiwekea utaratibu. Akiwahi mbele kuliko mlinzi wake, anapata mpira, hata kama nafasi ya kufunga haipo, hata kama atanirudishia. Baada ya wiki mbili alikuwa anawahi kuliko magadi. Kasi ya timu yetu ilipanda kwa pasi ambazo hazikuandikwa popote, kwa sababu karatasi ya takwimu inahesabu pasi za bao tu.

Mwaka wa tatu niliharibu tena, safari hii kwa kuzidisha. Nilikuwa nimeipenda sauti yangu. Nilipiga kelele kabla ya mchezo kuanza, katikati, na baya zaidi, baada. Mpigaji wetu wa pointi tatu akikosa namwambia. Akichelewa kwenye ulinzi namwambia, tena mbele ya watu. Hakuna aliyelalamika. Ila taratibu yule kijana akaanza kuupokea mpira akiwa wazi kabisa na kuutoa, kama chungu cha moto. Mechi nne hakufikisha mashuti matano. Nilikwenda kwa mzee nikamwambia mwenzetu amepoteza imani. Akanitazama muda mrefu.

"Yule konda wako," akasema, "huwa anaita vituo alivyokwisha kuvipita?"

Hakuongeza neno, akarudi kwenye video yake.

Nililala na swali lile. Kelele zangu zote za nyuma hazikuwa na kazi. Shuti limeshakosa, huwezi kulirudisha. Unachofanya ni kumwongezea mtu mzigo wa kubeba kwenye shambulizi lijalo. Nikaanza kujikagua: neno ninalotoa, linahusu kitu kinachokuja au kilichopita? Kama kilichopita, kinasubiri benchi, na hata benchi nakisema chini, pembeni, mtu akiwa ameshakunywa maji. Uwanjani ni mbele tu. Skrini inakuja kushoto. Kumi zimebaki. Wewe unafuata, jiandae. Yule kijana nilimwomba radhi kwa njia yangu: mechi iliyofuata niliita Kariakoo mara tatu za mwanzo mfululizo. Alikosa mbili. Nikaita tena.

Kuna ujanja mwingine mdogomdogo wa kutuliza mpira ambao nauona haufundishwi. Kule chuoni saa kubwa haisimami baada ya kikapu, ila katika dakika ya mwisho ya kipindi cha pili. Basi wapinzani wakifunga na uwanja wao ukilipuka, hakuna anayekulazimisha uokote mpira mbio. Tembea. Mwache senta auokote. Mkipata mitupo huru, waite wenzako wanne katikati hata kama huna la kusema, waambie wapumue. Na shuti letu likiwa hewani, mimi sikwenda kutafuta ribaundi, nilikuwa tayari nimegeuka narudi nyuma, kwa sababu gadi anayebaki chini ya goli la adui ndiye anayemkabidhi adui mwendo wa mechi. Tukikosa mara mbili mfululizo niliita Mbagala bila hata kutazama benchi. Mkono wa kila mtu ukishagusa mpira, mabega yanashuka. Hilo sina namba zake, nina macho yangu tu.

Machi 2019, mwaka wangu wa mwisho, msimu wetu ulishaisha tukabaki watazamaji. Chumba cha televisheni cha hosteli kilijaa. Virginia na Purdue, mshindi anakwenda nne bora. Virginia ya Tony Bennett ilikuwa miongoni mwa timu zilizocheza taratibu kuliko karibu zote Marekani, na watu waliicheka kwa hilo. Mwaka mmoja kabla, ikiwa imepangwa namba moja, ilifungwa 74 kwa 54 na UMBC waliopangwa namba 16, jambo ambalo kwa wanaume halikuwahi kutokea. Sasa wako nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde 5.9, Ty Jerome anarusha mtupo huru wa pili. Anakosa. Mamadi Diakite, kijana wa Guinea, anaugonga mpira kwa nyuma, unaruka mpaka nusu yao wenyewe ya uwanja. Kihei Clark, mwaka wa kwanza, mtu wa mita 1.75, anaufukuzia.

Chumba kizima kilipiga kelele arushe. Mimi pia. Alikuwa mbali, saa inaungua, wenzake wengine wako karibu naye zaidi. Yeye akadunda, akainua kichwa, akampita kila mmoja kwa macho, akatupa pasi ndefu iliyonyooka hadi kwa Diakite karibu na goli. Diakite akaipokea na kuiachia papo hapo, kengele ikilia. 70 kwa 70. Wakashinda 80 kwa 75 katika muda wa nyongeza, na siku tisa baadaye wakawa mabingwa wa nchi.

Nimeitazama pasi ile mara nyingi mno. Watu husema bahati. Mimi naona kijana ambaye msimu mzima alikuwa kwenye timu inayotumia kila sekunde ya zile 30, na kwa hiyo tano kwake zilikuwa nyingi. Sisi wengine chumbani tulikuwa na haraka kwa niaba yake.

Mechi yetu ya mwisho nyumbani msimu ule haikuwa na drama yoyote, tulishinda kwa 11. Ila kipindi cha pili nilibanwa tena kona ileile ya mstari wa kati, wawili juu yangu. Niliita taimauti kwa sauti iliyomfanya refa arudi nyuma hatua moja. Benchi zote mbili zilicheka. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kwenye karatasi zake, mabega yanatikisika.

Sasa niko Dar, na jioni nawafundisha watoto. Nakaa nyumbani kwa mama kwa muda. Juzi alikuwa na wageni sebuleni, nikamwita mdogo wangu aliyekuwa chumba cha nyuma aje asalimie. Mama akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, hapa si stendi."